Tofali Ndilo Lililochagua Kiwanja

Siku hizi mvua ikianza kupiga bati, mimi naendelea kushona. Nitainua kichwa kuona kama kuna nguo zimeachwa kambani, kisha nitarudi kwenye cherehani yangu. Mtu ambaye hajawahi kuiogopa mvua hataona kwa nini jambo hili liandikwe. Mimi naliona ni neema, na zipo siku nasimamisha kazi ya mteja makusudi ili nikae tu niisikilize ikinyesha bila kunihusu.

Nyumba yetu iko mteremkoni, upande wa Mollo, ukitoka kidogo mjini Sumbawanga. Si nyumba ya kusimamisha wapita njia. Plasta bado, dari bado, na mlango wa jikoni haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Lakini maji hayaingii ndani, na hicho ndicho kipimo changu cha nyumba nzuri siku hizi.

Kueleza tulivyonusurika kuishi majini, lazima nianze na tofali. Huku kwetu Ufipa kila anayejipenda hutaka nyumba ya tofali la kuchoma. Udongo unaofaa uko bondeni, na maji ya kuukandia yako bondeni. Basi watu hufyatua bondeni, hupanga tanuru bondeni na kulichomea huko huko. Tanuru likishapoa ndipo akili inapovurugika. Unautazama ule mlundiko mwekundu ulioutolea jasho kiangazi kizima, unakitazama kilima unachotakiwa kuupandishia, halafu unajisemea kuwa bondeni nako ni tambarare, hata kusawazisha hakuna haja. Mfipa haogopi kazi. Lakini mtu aliyefyatua, akaanika, akapanga na kuchochea moto mpaka macho yakawa mekundu kama tofali lenyewe, ukimwambia sasa abebe tena, anakuangalia kana kwamba umemtukana. Ndiyo maana nyumba zetu huteremka. Tofali ndilo linalochagua kiwanja.

"Matofali yapo palepale," mume wangu alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake yote, na mimi sikuwa na hoja ya kuipinga wala hamu ya kuitafuta. Yeye anaendesha mashine ya kusaga, mimi nashona sare za shule. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule mjini, cherehani ikikaa kati ya kitanda na kabati, na mteja akija kupimwa ilibidi mume wangu atoke nje na kikombe chake cha chai. Nilitaka chumba chenye dirisha, cha cherehani peke yake. Ungeniambia dirisha hilo liko juu ya mti ningepanda.

Kiwanja tulikiona kiangazi, nyasi zimeshachomwa, bonde zima jeusi na kavu. Kijito cha pembeni kilikuwa kimekonda mpaka kuku wanakivuka bila haraka. Dalali alitembea mbele yetu akiipigapiga ardhi kwa kisigino, kuonyesha ilivyo ngumu. Tulimwuliza mipaka. Tulimwuliza kama kuna ndugu wa muuzaji atakayekuja kudai urithi, na barabara itapita wapi. Hata maji tuliyaulizia, tena kwa makini: tulitaka kujua kama kisima kitapatikana karibu. Akasema pale hata mtoto akichimba kwa kijiko anayakuta. Tukafurahi.

Tanuru lilipopoa, mama mkwe wangu aliletwa kutoka Mpui kuja kulinda matofali, maana tofali lisilolindwa hutembea lenyewe likaenda kwa jirani. Mume wangu alitoa matofali upande mmoja wa tanuru akamjengea chumba cha haraka, tope badala ya saruji, mabati machache juu. Pale yalipotolewa, tanuru likabaki limekatika kama ngazi. Ngazi hiyo isisahaulike.

Mama mkwe wangu ni mwembamba, ana sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya pili, na ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona ardhi imelala. Mjini hapapendi kwa sababu hiyo. Akipita penye uwanja wa mpira huuliza nani mwenye nao na kwa nini haulimwi.

Msingi ulichimbwa, ukajengwa ukafika magotini, vyumba vikaanza kuonekana. Nilisimama mahali litakapokuwa dirisha langu nikatazama nje, yaani nikatazama hewa, na nikaridhika. Kisha mvua za kwanza zikanyesha na fundi akatoweka. Hakuwa mwizi. Alikwenda kulima. Kwetu mvua ikishagusa udongo, fundi mwashi, mpiga kinanda wa kanisani na dalali wote hurudi kuwa wakulima, na ukimtaka mtu umfuate kwenye mahindi yake. Mume wangu alimpigia simu.

"Nikimaliza palizi nakuja, kaka. Usiwe na wasiwasi," fundi alisema, na nyuma yake jembe lilikuwa linasikika.

Alimaliza palizi ya mahindi akaingia ulezi. Mume wangu alinuna, nami nikanuna zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha waambia wateja wangu kwamba Krismasi watanikuta kwangu. Majirani wawili wa bondeni walikuwa wamemaliza nyumba zao na kuhamia. Nilikuwa nikipita nikiona mapazia madirishani, na wivu ukinikaba kama kola ya shati la kubana. Tulimsema fundi yule kwa kila aliyekubali kusikiliza.

Mwezi wa kwanza nilishuka bondeni nikakuta sebule yangu imelimwa. Mama mkwe alikuwa amezigeuza nyasi pamoja na udongo na kupanga ntumba, vile vilima vya mviringo ambavyo ndani yake tunafukia nyasi zioze ziwe mbolea, na juu tunapanda maharage. Watu wengine hupanga ntumba shambani. Yeye alizipanga ndani ya msingi, sebuleni, chumbani kwetu, ukumbini, na mahali pa cherehani yangu palikuwa na kubwa kuliko zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usikanyage hapo."

"Mama, hapa ni ndani."

"Ndani kwa nani? Unaona mlango? Huyo fundi wenu akirudi mimi nitakuwa nimeshavuna. Ardhi haikai bure ikimsubiri mwanaume mmoja."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kuwa mama yake ananipandia maharage kwenye kitanda. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikakosa mtu wa kugombana naye. Maji yalikuwa yamekwisha anza kusimama kati ya ntumba, yenye rangi ya chai ya rangi. Tuliyaona wote. Tulisema ni ya mvua, kana kwamba kuyajua yalikotoka kunayafanya yaondoke.

Ilikuwa Kwaresima, mwezi wa tatu, mvua imenyesha mfululizo mpaka tukasahau jua linatokea upande gani. Siku hiyo ya Ijumaa nilikuwa namalizia sare ili niwahi Njia ya Msalaba mchana. Simu ikalia. Alikuwa jirani yetu wa bondeni, mfugaji, Msukuma aliyehamia huku na familia yake na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Boma lake liko juu kidogo, ng'ambo ya kiwanja chetu, na yeye na mama mkwe walikuwa wakitaniana kila asubuhi kwa kupigiana kelele juu ya kijito.

"Shemeji, mayu yuko huko kwenu mjini?" aliuliza. Mayu ndivyo wanavyomwita mama.

"Hapana. Yuko huko chini."

"Maji yameshuka kwa nguvu. Bati la chumba chake naliona. Ukuta siuoni, na mvua inaniziba kuona mengine. Nafunga maksai nateremka, na nyie njooni."

Mume wangu aliacha mashine ina mahindi ya mtu ndani. Tulipanda bodaboda moja sisi wawili, na tope lilipoishinda tukashuka tukakimbia. Nilipofika ukingoni ndipo nikagundua kuwa mkononi nimeshika mkono wa shati, wa sare niliyokuwa naishona.

Bonde halikuwepo. Palikuwa na maji ya udongo yanayokwenda polepole kutoka ukingo huu hadi ule, yamebeba mabua, ndala, mlango wa mtu. Msingi wetu haukuonekana kabisa. Chumba cha mama mkwe kilikuwa kimepiga magoti, kuta zimeporomoka, mabati yamelala juu ya maji. Niliyatazama mabati yale na nikajua amekufa. Sikuhisi, nilijua. Moyoni nilikwisha anza kupanga nani apige simu Mpui na aseme nini. Mume wangu alikuwa anavua viatu ili aingie majini.

"Nyie mlikuwa wapi?"

Sauti ilitoka kulia kwetu, kule tulikokuwa hatujathubutu kutazama. Tanuru lilikuwa limesimama katikati ya maji, jekundu, limelowa, halijasogea. Juu yake, kwenye ndoo iliyofunikwa, mama mkwe wangu alikuwa ameketi chini ya mwamvuli. Alikuwa amepakata mfuko wa mbegu za maharage, na miguuni kuku walikuwa ndani ya tenga. Alikuwa amepanda kwa ile ngazi ya matofali yaliyotolewa kumjengea chumba kilichozama.

"Nimewaita mpaka sauti imekauka," akaendelea, na haikuwa imekauka hata kidogo. "Sufuria yangu kubwa imekwenda na maji. Mmoja wenu akaifuate."

Nilikaa chini kwenye tope. Nililia na kucheka kwa pamoja, mpaka waliokuja kutazama wakanisogelea wakidhani nimepata kichaa. Sijawahi kukaripiwa nikafurahi namna ile, na ninaweza kusema bila aibu kwamba siku hiyo ndiyo nilijua kuwa nampenda yule mama. Kabla ya hapo nilikuwa namheshimu tu.

Mvua ilikuwa imepungua. Jirani aliteremsha maksai wake wawili wakiwa wamefungwa nira, akawaingiza upande ambao maji yalikuwa yanatokea, ili miili yao ipokee ule msukumo. Mume wangu alipita upande wao wa chini, maji yakimfika kiunoni, ameshika nira kwa mkono mmoja. Walikwenda taratibu, ng'ombe wakipuliza pua. Walipofika, mazungumzo yakaanza upya, na sote ukingoni tuliyasikia.

"Mama, panda mgongoni."

"Anza na kuku."

"Mama, maji yanaweza kuongezeka."

"Na wao hawajui kuogelea."

Kuku walitangulia, tenga likiwa limefungwa juu ya nira. Kisha akaukubali mgongo wa mwanawe, kwa shingo upande, akimwambia kuwa utotoni yeye alimbeba akiwa na nguo kavu. Alivuka akiwa ameshika mwamvuli juu ya vichwa vyao vyote viwili, mfuko wa mbegu umebanwa katikati. Alipokanyaga nchi kavu nilimkumbatia na mkono wa shati bado niko nao. Aliupokea, akapangusia uso, akanirudishia.

Alituambia maji hayakuingia kwa mlango. Yaliota sakafuni, asubuhi, wakati anachochea uji, ardhi ikalegea kama ugali mbichi. Alidhani ni yale yale ya siku zote. Aliposikia ukuta unalia ndipo akachukua mbegu, kisha kuku, kisha mwamvuli na ndoo, na hakurudi tena.

Majirani wawili niliokuwa nikiwaonea wivu walitoka salama, maana ilikuwa mchana na walikuwa macho. Nyumba zao hazikutoka. Walilala kwenye madarasa ya shule, magodoro yao yametandazwa juu ya uzio yakidondosha maji, na mapazia yale niliyaona yamenasa kwenye kichaka. Niliwapelekea blanketi. Njiani kurudi nilimkumbuka fundi wetu na palizi yake. Kama asingependa mahindi yake kuliko sisi, tungekuwa tumehamia, kitanda, cherehani na mama, na yale maji yangetukuta ndani ya kuta. Mume wangu alimpigia simu jioni ile akamshukuru. Fundi hakuelewa anashukuriwa nini, akaahidi tena kwamba anakuja.

Ndugu wa mume wangu walio Dar es Salaam walipopata habari, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani ametufanyia. Mtu akishatoka Sumbawanga haamini tena kuwa huku kuna jambo linalotokea lenyewe. Niliwajibu ni mto. Wakauliza umetumwa na nani.

Maji yalipokauka mume wangu alishuka kutazama. Msingi ulikuwa umepasuka, maharage yameozea kwenye ntumba, na tope limejaa vyumbani kwa usawa mzuri kana kwamba limepigwa pima maji. Tanuru ndilo lililobaki zima. Alilizunguka mara kadhaa, nami nilijua neno linalokuja.

"Tukinyanyua msingi kidogo," alisema, "si unajua, matofali yapo..."

Akatazama juu, pale mama yake alipokuwa ameketi, na hakumaliza. Sijamsikia akilirudia tena.

Kiwanja cha mteremkoni tulikipata kwa kutoa mabati tuliyokuwa tumeyaweka akiba, na tulikichagua mvua bado zinanyesha. Lilikuwa wazo la mama mkwe, na alilitoa kwa hasira. Tulisimama pale watatu chini ya mwamvuli ule ule, karibu mchana kutwa, tukitazama maji yanapita wapi. Muuzaji alikuwa amejikinga chini ya mti, akituona wendawazimu. Watu hununua ardhi ikiwa kavu ili waione vizuri. Sisi tuliyaona maji yanatoka juu, yanapinda kwenye mwamba na kushuka kando ya mpaka bila kutugusa. Mume wangu akachovya kidole ardhini, akamwambia muuzaji tuandikishane.

Kiangazi kilichofuata tulifanya ile kazi tuliyoikwepa. Jirani mfugaji alileta mkokoteni wa maksai, na tofali baada ya tofali tukalipandisha tanuru kilimani. Mgongo wangu unakumbuka. Fundi alikuja, maana mvua hazikuwepo. Alipotaka kuanza msingi kwa matofali ya kwanza kushushwa, yale ya juu kabisa ya tanuru, mama mkwe alimzuia.

"Hayo usiyazike. Hayo yamenikalisha."

Yakajengwa baraza ndogo nje ya mlango, na hapo ndipo anapokaa mpaka leo, kwa sababu Mpui amekwenda kusalimia tu na kurudi. Kila mwaka maji yakitoka, hushuka na jembe lake kupanga ntumba kwenye kile kiwanja cha zamani, na siku hizi amejiongezea na vya majirani ambao hawakurudi. Anavuna kuliko sisi sote. Ardhi ile haikuwa na kosa lolote, ilikuwa shamba.

Agosti iliyopita alikuwa barazani anapeta maharage ya bondeni, mimi niko dirishani kwangu. Wakapita kijana na mkewe, wamebeba futi ya kupimia, wametoka chini. Mkewe alikuwa mjamzito. Waliomba maji ya kunywa, mama mkwe akawapa, akawaketisha kwenye matofali yake.

"Mnajenga kule?" aliuliza.

"Ndiyo bibi. Tumeshachoma tanuru. Matofali yapo palepale."

Nilisimamisha cherehani. Nilitaka kutoka nje nimshike kijana yule kwa kola. Mama mkwe hakuinua hata uso kutoka kwenye ungo.

"Mkijenga kule, mimi maharage yangu nitapanda wapi?"

Kijana akacheka, akadhani ni utani wa kizee. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameutazama ule ungo, maharage makubwa yanayong'aa, kisha akatazama bonde kavu jeusi kule chini.

"Bibi," akauliza, "maharage haya yanapata wapi maji?"

Ndipo mama mkwe akaweka ungo chini, akamwambia yote, tangu uji mpaka sufuria. Nami nilitoka nikaongeza pale alipopunguza. Kijana alikunja futi yake, kisha akauliza mkokoteni unakodishwa wapi. Tulimwelekeza kwa jirani.

Wiki hii niko kwenye sare za muhula mpya. Tangu asubuhi mkokoteni umekuwa ukipita mbele ya dirisha langu, umejaa matofali mekundu, maksai wanahema, kijana anasukuma kwa nyuma na kulalamika njia nzima. Kila wanapopita mama mkwe anamwambia apunguze kelele, anawaamsha kuku. Mimi nashona na kusikiliza magurudumu yanavyopanda.